Ndugu wa Mmajumui

Mzee Otmar wa Runzewe alizaliwa mwaka ule ule bendera ilipopandishwa, na kama ilivyo bendera, hakuna aliyewahi kumuuliza anataka kupepea upande upi. Alilima muhogo, akafuga mbuzi saba, akakaa mwaka mzima Maganzo akitafuta almasi na kuambulia kikohozi, akarudi nyumbani. Shule alifika darasa la nne. La tano lilikuwa ng'ambo ya mto, na mwaka ule mto ulijaa. Lakini kazi iliyompa jina kuanzia Ushirombo mpaka Bwanga haikuwa muhogo wala almasi. Ilikuwa utani wa misibani.

Mtani ndiye anayechimba kaburi. Ndiye anayekoroga ugali wa matanga huku akilalamika kwamba marehemu alikuwa mchoyo wa chumvi. Ndiye anayevaa koti la marehemu na kuiga mwendo wake mbele ya mjane, mpaka mjane anacheka huku machozi yanamtoka. Ndugu kazi yao kulia. Mtani kazi yake kuangalia wasije wakafa kwa kulia. Na sheria ni moja tu: mtani si ndugu, na ndugu si mtani. Machela haibebwi na mtu mmoja.

Utani wake Otmar aliurithi. Babu yake alikuwa mpagazi, akibeba pembe za ndovu kwenda pwani, miezi mitatu kwenda na mitatu kurudi. Kule Uzaramoni aliibiwa shuka, naye akaiba kuku. Wakakabana koo yeye na mwenye kuku, na mwisho, kwa kuwa jua lilikuwa limezama na wote wana njaa, wakamla yule kuku pamoja. Hivyo ndivyo Otmar alivyosimulia mwanzo wa utani wa Wasumbwa na Wazaramo. Hakuna aliyetia sahihi, hakuna mgeni aliyesimama shahidi, na mpaka leo haujavunjwa. Mikataba iliyopigwa mihuri mitatu mitatu katika nchi hiyo hiyo yenye dhahabu imevunjika mara ngapi, hilo waulizwe wenye mihuri.

Basi katika Runzewe hiyo aliishi Mghana mmoja, jina lake Kwabena. Watu wa pale ulimi wao ulimfupisha, wakamwita Kabena. Alikuja Geita na kampuni ya kuchoronga miamba. Kampuni ilipomaliza kuchukua ilichokifuata, ilifungasha mitambo, vibanda, hata mabomba ya choo, pamoja na kabati la chuma lenye pasi za wafanyakazi. Kabena wakati huo alikuwa amelazwa, malaria. Alipotoka hospitali alikuta uwanja mtupu na mlinzi anayelinda uwanja mtupu.

"Wenzangu wapi?" akauliza.

"Wamehama."

"Na pasi yangu?"

"Hiyo nayo imehama. Wewe tu ndiye umebaki."

Akateremkia Runzewe, akapanga chumba kwa Mwamvua, mama lishe wa pale stendi, akawa fundi wa karasha, zile mashine za wachimbaji wadogo za kusaga mawe ya dhahabu. Karasha ikigoma, aliinamisha sikio, akaigonga mara mbili kwa spana, na ikanguruma. Kiswahili chake nacho kilikuwa kama karasha: kilisaga kila kitu, kikatoa vumbi, lakini ndani yake dhahabu ilikuwemo.

Siku moja alimfuata Otmar nyumbani.

"Mzee, shikamoo. Mimi naona hapa kila mtu iko na mtani. Mgogo iko. Mzaramo iko. Mimi hapana?"

"Marahaba. Utani hauombwi kama chumvi, kijana. Lazima mababu wawe wamesafiri njia moja ndefu, au wamepigana vita. Sisi na ninyi tumepigana lini?"

Kabena akafikiri. "Hapana pigana."

"Basi ndiyo hivyo."

"Basi tupigane."

Na wakapigana. Ilikuwa siku ya mnada, mchana kweupe, mashahidi wakiwa wauza ng'ombe na wauza mitumba. Vita ya Waghana na Wasumbwa ilidumu dakika tatu. Otmar, pamoja na uzee wake, alimpiga ngwala Mghana akaangukia meza ya nyanya ya watu. Mkataba wa amani ulifungwa pale pale chini, kwa kuzila zile nyanya zilizopondeka, kwa sababu mwenye nyanya alikataa katakata kuondoka nazo.

Tangu siku hiyo hawakupitana njiani salama.

"Ninyi mlipata uhuru miaka minne kabla yetu," Otmar angemchokoza, "ndiyo maana wenu uliisha mapema."

"Na wenu?"

"Wetu bado mpya. Hatujautoa kwenye karatasi yake."

"Ndiyo sababu mzungu anajua bei yake. Karatasi bado iko na lebo!"

Jambo moja tu halikuwa utani. Mtendaji wa kijiji, Theonest, alipopita nyumba hadi nyumba na daftari la wakazi, alimuuliza Kabena kabila lake. Kabena akavua kofia, akajibu kwa heshima kama mtu anayetaja jina la marehemu mama yake: "Pan-Afrikan."

Theonest alikuwa amehudhuria semina Dodoma siku mbili, na maneno makubwa hayakumtisha. "Kwa Kiswahili hiyo ni Mmajumui," akasema, akaandika: *Kabila: Mmajumui.*

Otmar alikuwa pale. Neno lile likamkaa.

"Hao Wamajumui wako wapi? Mimi nimefika Chato, Biharamulo, Kahama, sijakutana nao."

"Wako Afrika nzima, mzee," Theonest akajibu akifunga daftari. "Ni wengi sana."

"Haya. Mtu mwenye ukoo mkubwa hafi vibaya," Otmar akasema, na moyo wake ukatulia kwa miaka sita.

Kabena akafariki Jumapili moja baada ya mvua. Alianguka kando ya karasha na spana mkononi. Daktari akasema presha. Mwili ukapelekwa mochwari ya hospitali, na hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu kuingia mochwari hakuhitaji karatasi, lakini kutoka kunahitaji. Alitakiwa ndugu mmoja, mwenye kitambulisho, asaini. Asipopatikana mpaka Ijumaa saa nne asubuhi, halmashauri ingemzika yenyewe kule nyuma ya machinjio, kwenye makaburi yasiyo na majina. Namba yake walikuwa wameshampa: kumi na saba.

Wangempigia simu nani? Simu ya Kabena ilifunguliwa kwa kidole, na mwenye kidole alikuwa mochwari. Wachimbaji walikwenda kujaribu, Mungu awasamehe, lakini simu ilitaka kidole cha moto. Jina la baba yake hakuna aliyelijua. Wachimbaji walikuwa tayari kusaini hata kwa dole gumba, mpaka Theonest alipowakumbusha kwa upole wa kiofisi:

"Atakayejiita ndugu ajiandae kueleza kwa nini alimhifadhi mgeni asiye na kibali."

Mikono yote ikarudi mifukoni. Dhahabu ya Runzewe imevuka mipaka miaka yote hiyo bila hata siku moja kuulizwa ndugu zake ni nani. Lakini huyu aliyeisaga, mmoja, amelala, hana hata uwezo wa kukimbia, alizuiwa mlangoni.

"Baba Wilbard," Mwamvua akamwambia Otmar, kwa kuwa ndivyo alivyomwita, kwa jina la mwanawe wa kwanza, "saini wewe. Wewe ni mzee, watakufanya nini?"

"Si woga, Mwamvua. Nikisaini mimi nimeshakuwa ndugu. Sasa nani atamcheka? Nani atamchimbia? Unataka azikwe kimya kama paka aliyegongwa na lori? Tulipigania utani huu. Damu ilimwagika."

"Ilikuwa nyanya."

"Ilimwagika!"

Siku tatu akazunguka kutafuta Wamajumui. Alikwenda mnadani, akauliza kwenye maduara ambako wachimbaji wa kila kabila wanashuka chini ya ardhi kwa kamba. Wote walitikisa vichwa. Mmoja alimwambia labda ni watu wa Kigoma.

Jumatano jioni, kwa Mwamvua, redio ikasema: "Kesho mjini Geita, kongamano kubwa la umajumui. Wanamajumui kutoka nchi tisa za Afrika wanakutana kujadili undugu wao na mamlaka kamili ya bara letu..."

Otmar akaweka chini kikombe cha uji.

"Umesikia, Mwamvua? Wamepatikana!"

"Akina nani?"

"Ukoo wake! Tena wamekwishakusanyika. Nchi tisa! Pengine habari zimewafikia, wako kwenye kikao cha ukoo, na hawajui njia ya kuja huku."

Alfajiri akavaa koti lake la misibani, akachomeka jani bichi kwenye tundu la kifungo, kama afanyavyo mpeleka habari za kifo, akapanda basi la kwanza.

Ukumbi wa Geita ulikuwa na viyoyozi, na bango lenye ramani ya Afrika. Chini ya ramani zilipangwa nembo za wafadhili, zote za ng'ambo, kama viatu mlangoni mwa msikiti. Akina dada wa mapokezi waliliona lile jani, wakadhani ni mmoja wa wazee wa mila walioalikwa kupamba. Wakamvisha kitambulisho cha MSHIRIKI, wakampa mkoba, kalamu na chupa ya maji. Otmar akapokea kwa mikono miwili. Ukoo wenye adabu, akajisemea. Wanapokea wageni hata katikati ya msiba.

Kilichomshangaza ni kwamba hakuna aliyekuwa analia. Lakini kila kabila na mila zake.

Aliyeendesha shughuli aliitwa Bi Generosa, mwanamke mwepesi, mwenye kipaza sauti cha kubana shavuni. Mgeni rasmi alikuwa Dokta Abdulshakur, mwandishi wa vitabu, aliyeanza kwa kusema, "Mimi ni mtoto wa Kisarawe, Mzaramo wa kuzaliwa, lakini leo mbele yenu mimi ni Mwafrika tu!" Makofi. Otmar, aliyekuwa amekaa safu ya mbele kabisa, alilisikia neno Mzaramo, na sikio lake likasimama lenyewe kama la sungura.

Dokta alisema vizuri. Alisema mipaka ni chaki ya mkoloni. Alisema Mghana, Mzambia na Mtanzania ni watoto wa tumbo moja. "Akiumwa wa Accra, homa inapanda Shinyanga!" Otmar akatikisa kichwa kwa uchungu, maana ndivyo ilivyokuwa. Alisema Afrika lazima ijiamulie mambo yake bila kusubiri ruhusa ya mtu. Hapo Bi Generosa akamkatiza kwa heshima: mwakilishi wa wafadhili alitakiwa kutoa salamu kwa njia ya video, na mtandao ulikuwa haujakaa sawa. Mamlaka kamili ya Afrika ikasubiri dakika arobaini, mtandao ukiitwa kama ng'ombe aliyepotea.

Katika kusubiri, karatasi ya posho ikazunguka. Watu sitini na wawili wakasaini bila hata mmoja kuuliza inasema nini. Otmar akaitazama mikono ile inavyokwenda mbio, akafarijika. Hawa kusaini hakuwasumbui.

Muda wa maswali ulipofika akasimama.

"Mwangaluka. Shikamooni wakubwa, habari zenu wengine. Nimetoka Runzewe. Nina neno moja. Ninyi ndio Wamajumui?"

"Ndiyooo!" ukumbi ukaitika, ngumi zikapanda juu.

"Wote?"

"Woteee!"

Otmar akavua kofia.

"Poleni sana na msiba."

Ngumi zikabaki hewani, hazijui zishuke vipi.

"Ndugu yenu Kabena amefariki Jumapili. Mimi ni mtani wake. Nimewatafuta siku tatu. Yuko mochwari, na kesho saa nne watamzika kwa namba kama mbuzi wa mnadani. Anatakiwa ndugu mmoja tu asaini. Na mimi nashukuru, maana nimekuta mmejaa."

Bi Generosa akatabasamu haraka. "Ahsante sana babu. Swali lako ni zuri, tumelichukua, tutalijibu pamoja na mengine."

"Si swali, mwanangu. Ni maiti."

Kukawa na minong'ono. Bwana mmoja aliyevaa kitenge kutoka shingoni mpaka miguuni alipendekeza dakika moja ya ukimya. Ikapitishwa kwa kauli moja, nao wakasimama, wakanyamaza vizuri sana. Mwingine akapendekeza jambo hili liingizwe kama azimio namba tisa. Wa tatu akapinga, akasema liwe aya ya pili ya azimio namba nne, kwa kuwa azimio namba nne ndilo linalohusu uhuru wa watu kutembea. Wakabishana hapo. Mama mmoja kutoka nchi jirani alisema angesaini, kwa moyo wake wote, ila viza yake ilikuwa ya kuhudhuria kongamano tu, haikuandikwa kuzika.

"Kwani marehemu alikuwa mwanachama?" mtu akauliza kutoka nyuma.

Otmar aliwasikiliza wote mpaka mwisho, maana alilelewa vizuri. Kisha akainama. Kwa kuwa alikaa mbele, tangu asubuhi alikuwa ameona jambo ambalo kitambaa cha meza kuu kiliwaficha wengine: Dokta Abdulshakur alikuwa na viatu vipya vinavyombana, na alikuwa amevivua chini ya meza. Otmar akapiga hatua tatu, akaingiza mkono chini ya kitambaa, akatoka na kiatu cha mguu wa kulia, cheusi, kinang'aa.

"Kwa haki ya babu yangu aliyeibiwa shuka Uzaramoni," akatangaza, akikiinua kiatu juu, "nimekamata!"

Nusu ya ukumbi, wale wa kutoka Shinyanga, Kahama na Geita yenyewe, wakalipuka kwa vigelegele. Nusu nyingine wakadhani ni wizi. Bi Generosa akamwita mlinzi. Mlinzi akaja mpaka katikati, akatazama kiatu, akamtazama mzee, akasimama.

"Mama, hawa ni watani," akasema. "Na mimi Mgogo, mtani wa huyu mzee. Hapo mkono wangu haufiki."

Dokta alikuwa anacheka. Alikuwa ameandika sura nzima kuhusu utani katika kitabu chake, lakini ilikuwa mara ya kwanza kuukuta umeshika kiatu.

"Haya mtani, umenipata. Nikikomboe kwa kiasi gani?"

"Hakikombolewi kwa fedha. Nataka sahihi."

Kicheko kikapungua. "Mzee wangu, mimi na wewe ni watani, sikatai. Lakini marehemu ni Mghana. Mimi naingiaje?"

"Umesema saa tatu asubuhi ni wa tumbo moja na wewe. Nimesikia. Na ile mashine pale imesikia," akionyesha kamera.

"Ile ilikuwa... kwa maana pana."

"Maana pana haizikwi, Mzaramo wewe. Kaburi nimechimba futi sita kwa tatu."

Dokta akatazama ukumbi. Ukumbi ukatazama mikoba yake. Akatazama soksi yake ya kulia, iliyokuwa na tundu pale pa kidole kikubwa, na watu wa nchi tisa wakaitazama pamoja naye. Akasimama.

"Gari iko wapi?" akasema.

Walifika hospitali saa kumi jioni na kukuta ofisi imefungwa tangu saa tisa na nusu. Dokta akalala nyumba ya wageni karibu na stendi, mguu mmoja na kiatu, mwingine na kandambili ya Mwamvua. Alfajiri alinyweshwa uji. Mwamvua alimwambia, "Kunywa, shemeji," na lile neno likamfanya aache kuomba sukari.

Saa mbili asubuhi walikuwa mbele ya Vaileth, karani wa mochwari, binti mwenye miwani na muhuri.

"Jina?"

"Dokta Abdulshakur..."

"Udokta hapa hauna kisanduku, baba. Kabila?"

"Mzaramo."

Vaileth akapekua karatasi iliyotoka kwa mtendaji. "Marehemu hapa ameandikwa Mmajumui. Sasa Mzaramo na Mmajumui mnakuwaje ndugu?"

Dokta akavuta pumzi. Hili lilikuwa swali lake la miaka thelathini. Akaanza na utumwa, akapita kwenye mkutano wa kuigawa Afrika, akafika kwenye vyama vya ukombozi, na alikuwa karibu kugusa suala la sarafu moja Vaileth alipogonga meza kwa kalamu.

"Baba. Kisanduku ni kidogo."

Akaigeuza karatasi akione. Kilikuwa cha upana wa vidole viwili. *Uhusiano na marehemu.* Ukutani saa ilisema saa tatu kasoro. Kwenye korido vijana wawili wa halmashauri walikuwa wamekaa juu ya koleo zao, wanasubiri saa nne. Dokta akazitazama zile koleo. Akamtazama Otmar. Mzee alikuwa ameshika kiatu kifuani kwa mikono miwili.

Dokta akashika kalamu, akaandika: *Kaka.*

"Mkubwa au mdogo?" Vaileth akauliza.

"Sema mdogo," Otmar akanong'ona. "Mkubwa atagawa urithi, na marehemu ana spana nyingi."

Muhuri ukaanguka. Vijana wa koleo wakainuka, wakaenda kutafuta kivuli kingine.

Walimzika Kabena siku ile ile saa nane, wachimbaji wakiwa wamesimamisha karasha zote, na Runzewe ikawa kimya kiasi cha kusikia mbuzi. Theonest naye alikuja, na daftari kwapani. Katekista alipomaliza sala, na jeneza likiwa mdomoni mwa kaburi, Otmar akaruka ndani, akalala chali, akakunja mikono.

"Haingii mtu hapa!" akapiga kelele toka chini. "Huyu pasi yake iko wapi? Kibali cha kukaa ardhini kiko wapi? Miaka mingapi anataka? Miwili? Ataomba tena baada ya miwili? Ana barua ya mwenyekiti wa mchwa?"

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mwamvua alicheka akilia, akilia akicheka, kanga mdomoni. Theonest alitazama viatu vyake.

"Na anakuja kufanya nini?" Otmar akaendelea. "Kulala? Kazi ya kulala ina wenyeji wake! Nani mdhamini?"

Akamtazama Dokta kutoka chini. Dokta akaelewa kwamba anaulizwa yeye. Akasogea mpaka ukingoni na kandambili yake.

"Mimi kaka yake," akasema. Na kwa kuwa safari hii hakukuwa na kipaza sauti, ilibidi aseme kwa sauti yake mwenyewe. "Mimi kaka yake! Toka huko, Msumbwa, mwache alale!"

"Nikitoka utanipa nini?"

Dokta akavua kiatu cha kushoto, akakitupa shimoni. Otmar akakidaka, akakilinganisha na kile cha kulia, akaridhika, akapanda juu akiwa na jozi kamili. Kabena akashuka.

Msalaba aliuchonga fundi wa milango, akanakili kutoka kwenye karatasi ya Vaileth kama ilivyo: KABENA. KABILA: MMAJUMUI.

Mambo hayakuishia hapo, kwa mtendaji hasa. Wiki mbili baadaye mama mmoja Mrundi, muuza dagaa, alifika ofisini akiomba kurekebisha kabila lake daftarini. Kesho yake akaja Mkongo anayechoma mkaa. Kisha wachimbaji wanne kwa mpigo, wote wenyeji kabisa wa Bukombe.

"Ninyi mna kabila lenu!" Theonest akafoka.

"Tunajua, mtendaji. Ila hili lina ndugu wanaokuja."

Ilipokaribia arobaini, Otmar alimpigia Dokta. Simu iliita muda mrefu, kisha ikapokelewa kwa mnong'ono.

"Mzee Otmar, shikamoo. Niko kwenye kongamano. Tunajadili undugu."

"Marahaba. Na sisi huku tuko nao huo huo. Jumamosi ni arobaini ya kaka yako. Mbuzi yupo, chumvi hatuna. Unakuja huji?"

Otmar akaibana simu sikioni. Kwa mbali alisikika mtu akisoma azimio namba fulani, na makofi.

Jumamosi Otmar aliamka mapema, akavaa viatu vyake vyeusi vinavyong'aa, vilivyombana hata yeye, akaenda kukaa stendi. Basi la kwanza likaja, likaondoka. La pili likaja. Mlango ukafunguliwa, na mtu wa kwanza kuteremka alikuwa Dokta Abdulshakur, mfuko wa chumvi begani, na miguuni kandambili, tena za kamba moja iliyofungwa kwa waya, kitu ambacho hata mtani hawezi kukitamani.

"Mzaramo ni mjanja," Otmar akasema, akiinuka kumpokea ule mfuko.